Chakula cha Mchana kwa Mama wa Sahani

Mama Mkubwa,

Kuna sauti moja imenikaa masikioni. Si ya kwako, ingawa yako ndiyo watu wa Rumonge wanayoikumbuka. Ni sauti ya deki yetu siku ilipokwama: krr, krr, krr, kama panya anayeguguna kikapu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimekaa juu ya bidoni la maji la manjano, mdomo wangu karibu na sikio lako. Kifaransa cha sinema nilikugeuzia Kiswahili kwa kunong'ona, nawe ukakitoa kwenye kipaza sauti kikiwa hadithi. Mara picha ikaganda. Mwanamke mweupe, nywele zimemfunika uso, amesimama nyuma ya msichana aliyeketi mezani, mkono ameuinua juu. Krr, krr. Banda letu zima la sinema likageuza macho kwako. Nikaacha kunong'ona, maana hakukuwa tena na kitu cha kunong'ona. Nikakutazama. Ukameza mate, ukasogeza kipaza sauti, ukaendelea kusimulia juu ya picha isiyotembea mpaka hadithi ikaisha.

Haya yote unayajua. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu nikianza kuruka unayoyajua nitaishia kuruka na niliyoyafanya.

Tangu tukuzike ni miezi minane. Mdogo wako, mama yangu, amehamishia kuku kwenye banda. Turubai liliraruka na mvua, mabenchi aliyapeleka kanisani. Kipaza sauti nilikichukua mimi. Kiko Bujumbura chini ya kitanda changu, sijui cha nini. Watu sokoni bado wanamsalimu mama, "Amahoro, mdogo wa Mama Sinema," naye anaitika kama vile hakuwahi kubatizwa jina lake mwenyewe. Naona anapenda.

Na sasa kuna resto.

Unamkumbuka Jafari, mtoto wa mama muuza mawese, yule aliyekaa mbele kabisa akijifunika macho kwa vidole vilivyoachana? Ni mtu mzima sasa, ana ndevu, ana mashine yake ya kukamua mawese, na amefungua resto, mgahawa karibu na ziwa. Ameiita Kwa Mama wa Sahani. Jina la ile sinema, lile tulilolitunga sisi bandani. Lile la Kifaransa lililoandikwa kwenye kasha nadhani hakuna aliyewahi kulisoma isipokuwa mimi. Watu wanatoka mpaka Nyanza-Lac kuja kutishwa wakila. Nilipokuja likizo mama akaniambia, "Twende tukaone wazimu wa Jafari." Nikakataa mara mbili. Mara ya tatu akavaa kitenge chake kizuri na kukaa mlangoni akinisubiri, basi tukaenda, saa saba ya mchana, jua kali.

Mlango wa kuingilia ni jeneza. Sikutanii. Fundi amelisimamisha, akatoa mbao za nyuma, unapita katikati. Mama aligoma.

"Mimi siingii humo na miguu yangu. Siku yangu ikifika nitaingizwa."

Jafari akatoka akicheka. "Mama, jeneza lenyewe la mbao za mikaratusi, hata maiti angelikataa. Pita tu."

Akapita kwa ubavu, ameshika msalaba wake shingoni.

Ndani kuta ni nyeusi, na vibuyu vilivyotobolewa macho vinaning'inia kila mahali. Madirisha yamezibwa kwa makuti ya michikichi ili kuwe na giza, lakini watoto wa mtaani wameyatoboa matundu, kwa hiyo kila ukuta una macho ya kweli yanayocheka. Kwenye ubao wameandika vyakula. Damu ya Kinamasi ni maharage yenye mawese mengi mno. Vidole vya Mpangaji ni visamaki vya ndagala vya kukaanga. Nywele za Marehemu ni sombe ya majani ya muhogo. Mama alisoma taratibu, akasema, "Sombe nimekula tangu nazaliwa, leo ndiyo naambiwa ni nywele." Wahudumu ni wasichana wawili waliojipaka unga wa muhogo usoni na kuvaa shuka. Wa kwetu alikuwa ametuinamia akikoroma kimaiti hivi, simu yake ikalia ndani ya shuka. Akageuka pembeni. "Allo? Niko kazini. Nimekufa, nipigie baadaye."

Nilicheka, Mama Mkubwa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku tuliyokuzika, na nikafikiri jinsi wewe ungecheka, ukipiga paja, ukisema "Huyu mutoto ananiua." Kwa dakika chache nilifurahi kabisa kuwa pale.

Halafu nikaona kiti.

Tulikuwa wawili, lakini meza yetu ilikuwa na viti vitatu na sahani tatu. Kila meza ilikuwa hivyo, na kiti kimoja hakikaliwi. Chakula kilipofika, yule msichana wa shuka alikuja nyuma yangu akainua mkono juu ya kichwa changu, akatulia. Resto nzima ikatulia, hata macho ya ukutani. Jafari akaninong'oneza kutoka jikoni kwamba mdogo wa meza ndiye anatakiwa kugeuka na kusema. Alijua kwamba nayajua maneno yenyewe. Mtu akiyasema, marehemu anashusha mkono, anachukua upawa, anampakulia. Kisha anakaa kwenye kile kiti, anaonja tonge moja, anaondoka na hamsumbui tena. Watoto wanapiga makofi.

Ni mwisho wako. Neno kwa neno. Ule uliousimulia siku ile, kwamba mkono ulioinuliwa haukuwa wa kuua. Kwamba mwanamke yule alikuwa na wanawe, wakatawanyika wakati wa vita wakavuka maji, naye akaendelea kupika na kupanga sahani kila siku, na wapangaji wa ile nyumba walikufa kwa woga wao wenyewe, maana hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Kwamba msichana aligeuka. Kwamba alimwambia, "Mama, karibu ukae." Nakumbuka banda lilivyokuwa uliposema hivyo. Wanaume waliorudi kutoka kambi za Kigoma, watu wazima waliotulia kila walipowaona wafu wakitembea kwenye sinema, walikuwa wanapangusa nyuso zao kwa mikono ya mashati. Baada ya hapo walikuomba sinema ile karibu kila wiki. Na kila wiki ilikwama palepale, na kila wiki uliimaliza.

Mimi sikuweza kugeuka. Nilikaa na ule mkono juu ya kichwa changu.

Unajua kwa nini. Ni wewe na mimi tu tuliojua. Mwaka wa pili wa chuo kikuu niliipata sinema nzima kwenye mtandao, nikaiangalia mpaka mwisho katika chumba cha bweni. Mwanamke anamkaba msichana. Nyumba inaungua, wote wanakufa, na asubuhi sahani ziko mezani, zinasubiri wapangaji wengine. Basi. Likizo ilipofika nilikuja na kompyuta nimeipakata kama ushahidi wa mahakamani. Ulikuwa uani, unachambua ndagala kwenye ungo, unatoa mchanga. Sikukusalimia vizuri hata. Nilikuonyesha zile dakika ishirini za mwisho zote, nikitafsiri kwa sauti ya juu, si kwa kunong'ona. Nikasema, "Miaka yote umewadanganya watu. Na mimi umenitumia." Nikasema nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nimesoma, Mama Mkubwa, na nilidhani kusoma ni hivyo.

Ulipangusa mikono kwenye kitenge. Ukasema, "Haya, mwanangu. Kumbe ndivyo inavyoisha." Kisha ukauliza kitu kimoja tu: "Na yule msichana, hakugeuka?"

"Hakugeuka."

Ukarudi kwenye ndagala zako. Hukunigombeza wala hukunieleza. Na sinema ile hukuiweka tena. Watu walipokuomba uliwaambia sidi imeharibika, ukawawekea za ngumi, ukawapa wapiganaji wa Kichina majina ya watu wa Bugarama, ukakatiza vita katikati kutangaza kwamba mwenye mbuzi aliyeingia bandani aje amtoe. Walicheka. Mimi nilijiona nimeshinda. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilirudi Bujumbura nikiwa nimeshinda, na miaka mitatu baadaye nikaitwa nije kukuzika, na katika miaka hiyo tulikuwa tumeongea mara nyingi, habari za mitihani, za presha yako, za nyanya ghali, bila hata siku moja kuligusa lile.

Mama aliona siongei. Akageuka yeye badala yangu, akamtazama yule msichana aliyepakwa unga, akasema taratibu, bila mchezo, "Mama, karibu ukae." Msichana akatupakulia. Alipokaa kwenye kile kiti na kuonja tonge lake, mama alikuwa akiitazama ile sahani ya tatu.

"Bibi yako alikuwa hivihivi," akasema.

Nikamuuliza alikuwa vipi.

"Sahani ya Yustina." Alilitaja jina lako kama mtu anayetaja kitu ambacho kila mmoja nyumbani anakijua. "Kila siku alipakua. Anaifunika na sahani nyingine, anaiweka pembeni. Hakuna kugusa mpaka jua likaribie kuzama. Halafu ndipo tunapewa watoto. Mimi nimekua nakula chakula cha Yustina."

Ndipo akanisimulia, kati ya maharage na sombe, na vibuyu vikitutazama. Jinsi mlivyokimbia vita mpaka ufukweni Kabonga. Jinsi Bibi alivyokupandisha kwenye mtumbwi wa majirani, una miaka tisa, akarudi nyuma hatua chache tu kumchukua mama yangu aliyekuwa mchanga, na watu walioogopa wakasukuma mtumbwi. Ukaenda. Yeye akabaki. Uliporudi kutoka Tanzania ukiwa mtu mzima, na Kiswahili chako kizuri na bila neno hata moja la Kifaransa, Bibi alikuwa ameshafariki. Siku ya kwanza mama alikueleza habari ya sahani, kwa sababu alidhani utafurahi. Anasema ulitoka nje ukakaa nyuma ya jiko mpaka akaogopa.

"Kwa nini hamkuniambia?" Sauti yangu ilikuwa mbaya, meza ya jirani waligeuka.

"Hukuuliza," akasema mama. "Na tulifikiri unajua. Si ulikuwa pale kila wiki, unamsikia akisema?"

Nilikuwa pale kila wiki. Mdomo wangu ulikuwa sikioni mwako. Ulikuwa unawaambia watu wote wa banda lile habari za mama yako, na aliyekuwa karibu nawe kuliko wote alikuwa anasubiri picha iendelee.

Sijamaliza. Tulipokuwa tunanawa, Jafari alikuja akakaa kwenye kile kiti cha tatu, jasho linamtoka, akauondoa utani wote usoni. Alisema wiki iliyopita alikuja mgeni mmoja kutoka Bujumbura, mtu mpole tu, mwenye miwani. Aliuliza ile kanuni ya kiti ni ya nini. Walipomweleza akasema, "Lakini sinema haiishi hivyo. Mulidanganywa." Watoto wakamzomea. Yeye akasema hana ugomvi, atarudi Jumamosi na kompyuta, awaonyeshe. Tangu siku ile mtaa umegawanyika. Wengine wanasema Mama Sinema alikuwa mwongo, alikuwa hajui hata Kifaransa, alikuwa anajisemea tu.

"Wewe ndiye uliyekuwa Kifaransa chake," Jafari akaniambia. "Wewe watakuamini. Njoo Jumamosi useme tu kwamba sidi ya kwetu ilikuwa na mwisho mwingine. Zipo sidi za namna hiyo."

"Hazipo, Jafari."

"Haya, hazipo. Sema zipo. Nani ataumia?" Akashusha sauti. "Dada Espe, mimi nimejenga nyumba hii juu ya maneno yake. Baba yangu alikufa kule kambini, nafikiri unajua. Ile siku bandani ndiyo siku niliyomlilia. Usiwaache waje waseme ilikuwa uongo."

Nilimwambia nitafikiri. Siku tatu nilifikiri. Nilikuwa nikienda ufukweni asubuhi, pale akina mama wanapoanika ndagala, natembea, narudi. Kusema uongo kungekulinda. Kungenilinda na mimi, hilo nililiona mapema, na ndilo lililonifanya niuogope uongo wenyewe. Ningesimama pale, mwenye diploma, nikaapa kwamba mwisho ule ulikuwa kwenye sidi, na jina lako lingekuwa safi. Lakini ungekuwa umerudi kuwa mtu aliyesoma tu kilichoandikwa na wengine. Ningekunyang'anya mara ya pili.

Jumamosi resto ilijaa mpaka nje ya jeneza. Mgeni alikuja kama alivyoahidi, akaomba radhi kwa kila mtu, akawasha kompyuta yake. Wote walitazama. Mkono ulishuka, ukakaba. Moto. Sahani. Mtoto mmoja alianza kulia. Mgeni akasema kwa upole, "Mumeona?" na Jafari akanitazama.

Nikasimama. Nilianza kwa sauti ndogo, wakanipigia kelele kutoka nyuma, "Paza! Hujarithi mdomo wa Mama Mkubwa wako?" Nikapaza. Nikawaambia kwamba mgeni anasema kweli, sinema inaisha hivyo. Nikawaambia kwamba sidi yetu ilikuwa inakwama, na kwamba kuanzia pale hukuwa na Kifaransa changu wala cha mtu mwingine, ulikuwa na kichwa chako peke yake na picha moja isiyotembea. Nikawaambia kwamba mama wa kwenye hadithi alikuwa Bibi yetu, na mtoto aliyevuka maji alikuwa wewe, Yustina. Hapo mama alikuwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya meza. Sikumwomba ruhusa, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Kisha mama mmoja muuza ndagala kutoka Gitaza, mnene, amesimama karibu na jiko na kikapu chake kichwani, akauliza:

"Kwa hiyo huyu wa kwenye mashine hakugeuka?"

"Hakugeuka, mama."

"Basi ndiyo maana amekufa."

Resto ililipuka kwa kicheko. Hata mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza huyo Yustina anaishi wapi, angependa kumsalimia. Nikamwambia umefariki. Akasimama, mtu yule, akakaa tena, akasema, "Murakoze," sijui akimshukuru nani. Jafari alikuwa anapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. Mtu fulani alipiga kelele kwamba jina lako liandikwe mlangoni, wengine wakaitika, na mzee mmoja akanishika bega akasema nimekutendea haki, mimi ni mtoto mwema.

Hapo ndipo ningeweza kukaa.

Mama Mkubwa, naenda zangu Bujumbura kesho asubuhi, na sitaki kukuaga kwa maneno makubwa, uliyacheka siku zote. Nakuahidi hivi: mtu akinisimulia jambo lisilolingana na ninachokijua, nitauliza kwanza limetoka wapi. Na sinema ile nikiombwa kuisimulia, nitaisimulia kwa mwisho wako na kusema ni wako. Sahani uliyokuwa hujaila, natumaini imekufikia huko uliko, na aliyeipakua amekaa karibu nawe. Msalimie. Mwambie mwanawe mdogo hajambo, na kuku wake pia.

Lakini sikukaa. Yule mzee bado alikuwa ameshika bega langu. Nikauondoa mkono wake taratibu na kuwaambia kwamba kuna moja limebaki. Kwamba sidi haikuharibika. Kwamba wote waliokuomba wakajibiwa hapana kwa miaka mitatu, walinyimwa na mimi, siku niliyokuja uani na kompyuta nikamwita Mama Mkubwa wangu mwongo, naye akakubali kunyamaza. Jafari aliacha kupangusa, akaingia jikoni, na mpaka sasa hajanisalimu. Kurudi nyumbani mama alitembea upande wangu, karibu na lango akasema ningemwambia yeye kwanza, kisha akanishika mkono. Hakuna aliyeniita tena mtoto mwema. Nimewaambia, Mama Mkubwa. Wanajua.

Mwanao,
Espe